Chumba cha mtoto hakihitaji taa kali, kinahitaji taa mbili tatu

Habari za asubuhi wazazi. Mnanisikia huko nyuma? Haya. Mimi ni fundi umeme, sio daktari, mwalimu mkuu kaniomba niongee na nyie kuhusu taa za vyumba vya watoto kwa sababu naingia majumbani mwa watu kila siku na kitu ninachokutana nacho ni kilekile, mzazi anakwambia fundi chumba cha mtoto niwekee ile kali kabisa, nyeupe pee, halafu huyohuyo analalamika kwamba mtoto usiku halali, saa nne bado anarukaruka kitandani.

Hebu angalieni hili boksi la balbu niwasomee. Limeandikwa 9W, na hapo ndipo wengi tunaishia, tunadhani wati ndio mwanga. Hapana. Wati ni umeme unaoliwa. Mwanga wenyewe ni hii lm, yaani lumeni, hapa 806, ambayo ni kama ile balbu ya zamani ya wati 60 iliyokuwa inaunguza vidole. Halafu kuna namba ambayo hakuna anayeiangalia, 6500K. Hiyo ndio rangi ya mwanga. 2700 au 3000 ni wa njano, umetulia, 4000 uko katikati, 6500 ni nyeupe inayovuta kwenye bluu, na madukani kwetu ukisema tu nipe balbu bila maelezo mara nyingi unapewa hiyo. Ukiomba ya njano unaambiwa bosi hizo hazina soko. Zunguka duka jingine, zipo.

Sasa kwa nini nawasumbua na rangi. Ndani ya jicho kuna chembechembe ambazo kazi yake kubwa sio kuona vitu, zinapima kama ni mchana au usiku, na kinachozishtua zaidi ni bluu. Zikipata bluu nyingi zinauambia ubongo bado jua halijazama, basi ubongo unaibania ile homoni ya usingizi, melatonini. Na mtoto mboni zake ni pana kuliko zetu, lenzi yake bado safi haijapata ule unjano wa umri, kwa hiyo taa ileile ambayo wewe unasinzia nayo kwenye kochi yeye inamuingia zaidi. Umemlaza chali saa mbili usiku, 6500 iko katikati ya dari inamtazama usoni, halafu unamuita mkorofi!

Mimi nikipewa uhuru nafanya hivi. Darini 3000K yenye kifuniko, chumba cha mita 3 kwa 3 wati 9 zinatosha sana, na isikae juu ya mto. Kama anasoma, mezani awe na taa yake, hapo 4000 ruksa, iwekwe kushoto kama anaandika kwa mkono wa kulia ili kivuli cha mkono kisiangukie daftari. Ya usiku iwe ndogo, ya njano iliyofifia au nyekundu, ikae chini karibu na sakafu, nyuma ya kabati hivi, aone njia ya chooni basi. Isimpige usoni.

Na muuzaji anapokujaribishia balbu pale dukani, toa simu, fungua kamera, ielekeze kwenye balbu. Ukiona mistari mieusi inatembea kwenye kioo, irudishe. Umeme wetu ni hezi 50, yaani unakwenda na kurudi mara 50 kwa sekunde, na kila mzunguko mwanga unaweza kufifia mara mbili, kwa hiyo taa ya bei chee inaweza kupepesa mara 100 kwa sekunde, jicho halioni lakini mtoto anayesoma chini yake anaweza kuumwa kichwa na hutajua sababu.

Mama pale anauliza, eti taa ya usiku inaharibu macho? Hilo lina historia. Mwaka 1999 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, walitoa kwenye jarida la Nature kwamba watoto waliolala na taa kabla ya miaka 2 wengi walikuja kuwa hawaoni mbali. Wazazi walitaharuki. Mwaka uliofuata watafiti wengine wakarudia kuangalia, hawakuuona huo uhusiano, walichokiona ni kwamba wazazi wenye macho hayo ndio wanaopenda kuacha taa inawaka, na macho hayo yanarithiwa. Ukitaka kumsaidia macho mtoe nje mchana acheze, ndani hata uweke taa gani huufikii mwanga wa jua.

Ninachokiogopa mimi ni vile vitaa vya plastiki vya sungura na mwezi vyenye betri bapa kama shilingi. Mtoto akiimeza ikanasa kwenye koo la chakula inaweza kuunguza ndani ya saa 2, hiyo ni kukimbia hospitali hapohapo, hakuna kusubiri kuona. Kama mfuniko wa betri haufungwi kwa skrubu usinunue, hata akilia njia nzima. Na umeme ukikatika, mshumaa au koroboi karibu na chandarua hapana, jamani, hapana kabisa. Balbu ya chaji inatosha, nyingi ni nyeupe kali kwa hiyo igeuzie ukutani.

Baba wa mwisho kule anauliza, taa ya usiku italiaje LUKU, huu umeme wetu wa kununua kwa uniti? Kitaa cha nusu wati kikiwaka kwa muda wa saa 10 kila usiku, uniti moja inakwenda siku 200. Hiyo ya wati 9 ukiiacha mpaka asubuhi, uniti yako imekwisha siku ya 11 au ya 12. Wengi mnaiacha hii ya wati 9 kwa sababu swichi iko mlangoni na mtoto anaogopa kurudi kitandani gizani, kwa hiyo fundi wako akiwa anapiga waya mwambie aweke swichi nyingine pembeni ya kitanda, kwenye nyumba inayojengwa hiyo ni waya kidogo tu, nyumba ikishapigwa plasta ndio inakuwa kubomoa ukuta.