Lili za bure kutoka kwenye shina

Hamjambo watazamaji, karibuni tena kibarazani. Leo hatununui kitunguu cha lili hata kimoja.

Sogea karibu. Hapa kwenye kwapa la jani unaona punje nyeusi kama pilipili manga? Hivi ni vijitunguu, na kila kimoja ni lili kamili. Lakini usikimbilie ua lolote. Hii ni lili ya rangi ya chungwa yenye madoadoa, Lilium lancifolium. Zile lili nyeupe za kufungia shada, zinazouzwa soko la City Market hapa Nairobi, kwa kawaida hazina punje hizi.

Subiri maua yapukutike, kisha gusa punje kwa kidole. Ikidondoka yenyewe, imekomaa. Ikishikilia, iache, urudi wiki ijayo. Na kama majani ya mmea mama yana michirizi ya manjano, usichukue chochote: punje ni kipande cha mwili wake, hivyo virusi vyake huja navyo.

Sasa chungu. Mimi natumia mkebe wa Kasuku, ule wa mafuta ya kupikia, uliotobolewa chini. Udongo wetu mwekundu peke yake hushika maji, na hapo ndipo nilipoharibikiwa mara ya kwanza: Julai, baridi, vijitunguu vyote vikaoza. Changanya na mchanga wa mto na mboji, sawa kwa sawa. Panda sentimita 2 kwenda chini, ncha ikitazama juu, umbali wa vidole viwili. Mwagilia kidogo, weka penye jua la asubuhi.

Kinachochipuka kwanza ni jani moja jembamba, unaweza kudhani ni nyasi. Mpwa wangu alinisaidia kupalilia, akang'oa mkebe mzima! Weka alama.

Maua huja baada ya miaka 2 au 3. Asili yake ni Uchina, Korea na Japani, kwenye baridi kali ambayo Nairobi hatuna. Kwa hiyo kitunguu kikishanenepa na majani kukauka, nakichimbua, nakifunika kwa maranda yenye unyevu kidogo ndani ya mfuko wenye matundu, kisha nakiweka chini kwenye friji wiki 6 hadi 8, mbali na ndizi na maembe, maana hewa ya matunda yanayoiva huharibu chipukizi. Ukiwa na paka, mfungie mbali: lili nzima ni sumu kwake.

Na mfuko huo uandike jina kwa kalamu nene. Wangu uliwahi kufika jikoni, ukakutwa ubaoni karibu na kisu, nyanya zikiwa tayari zimekatwa.