Hilux ya kazi: kuifufua bila kuilaza gereji

DADA: Haya karibuni tena jamani. Leo ni pikapu ya zamani, ile unaifufua huku kila siku inaenda kazini. Mimi ninayo Hilux modeli ya LN106, injini ya dizeli aina ya 3L, inaleta machungwa Tanga mjini kutoka Muheza, nikiilaza gereji mwezi mzima biashara imesimama. Fundi, tunaanzia wapi?

FUNDI: Breki dada, breki na usukani. Watu wengi wanaanza na rangi na rimu, gari linang'aa lakini ukikanyaga breki na mzigo linavuta upande. Mimi gari la namna hiyo hata barabarani silitoi.

DADA: Yangu nikipakia breki inakuwa nzito kweli, na pedi za mbele zinaisha upesi.

FUNDI: Springi za nyuma zimeongezwa?

DADA: Eeh, nimeikuta hivyo hivyo.

FUNDI: Basi sikiliza, hili linaua watu. Nyuma kwenye chesesi kuna valvu ya breki, ina fimbo inashuka mpaka kwenye difu, lile boksi la gia katikati ya ekseli ya nyuma, kazi ya hiyo valvu ni kupima mzigo. Ukipakia bodi inashuka, valvu inapeleka presha nyingi nyuma, gari likiwa tupu inapunguza ili tairi za nyuma zisijifunge. Sasa ukishaongeza springi bodi haishuki tena, valvu inaona gari tupu muda wote hata ukiwa na machungwa mpaka juu ya kibanda, kwa hiyo breki za nyuma zinafanya kazi nusu na za mbele zinabeba zote, halafu tunalaumu pedi feki.

DADA: Aisee. Inatengenezeka?

FUNDI: Ile fimbo inarekebishwa ifuate urefu mpya wa bodi. Ila mara nyingi hapa pwani valvu yenyewe imeshaganda kwa kutu, hiyo unabadilisha.

DADA: Na usukani? Nikichanganya mwendo kwenye lami unatetemeka mpaka mikono inauma.

FUNDI: LN106 mbele ina ekseli nzima na springi kama za nyuma. Angalia kule mwisho wa ekseli tairi linapokatia kona, kama kunavuja uji mweusi ujue oili sili ya ndani, ule mpira wa kuzuia oili, imekufa, oili ya difu imechanganyika na grisi. Ukifungua hapo badilisha sili na bearingi za juu na chini kwa pamoja, zile bearingi zikilegea ndo mtetemeko wenyewe. Upande mmoja jumamosi hii, mwingine jumamosi ijayo, jumatatu uko Muheza.

DADA: Hapo nimekupenda. Injini je, maana inawaka vizuri tu.

FUNDI: 3L ni injini ya watu, haina komputa, ila ina mambo mawili. Kwanza mkanda wa taiming, ule unaopatanisha valvu za injini na pistoni, ukikatika valvu zinagonga pistoni. Kwenye dashibodi kuna taa ya T-BELT, inawaka kilomita zikifika 100,000, na wapo wanaochomoa balbu halafu wanauza gari, kwa hiyo kama hujui mkanda ulifungwa lini funga mpya wiki hii. La pili maji. Hedi yake, kile kichwa cha juu cha injini, ikichemka inapasuka, kwa hiyo rejeta izibuliwe, mipira ya maji ibadilishwe, na tafadhali usitembee bila thermostati, ile inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto, eti huku kwetu joto, injini haifikii joto lake inakula dizeli na inajaza masizi.

DADA: Tuje kwenye kutu, maana Tanga na hii chumvi...

FUNDI: Chukua nyundo ndogo lala chini, gonga chesesi polepole sehemu ya nyuma juu ya ekseli, matope yanaingia ndani ya boksi yanakaa na unyevu miaka. Panapolia kavu pazima, panapolia kwa ndani kama debe lenye mchanga pameoza. Hapo fundi akate mpaka afike chuma kizima ndo achomelee kipande kinene, sio kubandika bati juu ya kutu. Ukimaliza ingiza mpira wa maji kwenye matundu ya chesesi mpaka yatoke masafi, likauke juani ndo upake.

DADA: Wengi tunapuliza oili chafu.

FUNDI: Chesesi inasaidika kweli, lakini ikigusa mipira ya breki na bushi inazivimbisha. Zifunge kwanza na nailoni.

DADA: Na rangi?

FUNDI: Masika ipite kwanza dada. Kama maji yanaingia chini ya kapeti utajua, kabla hujafunika kitu.