Diya ya macho: waaguzi vipofu wa Ugiriki ya kale

Mabibi na mabwana, tuelewane kwanza kuhusu neno. Waaguzi hawa vipofu sitawaita manabii. Teiresias wa Thebes hakuwa na umma wala kitabu. Alisikiliza milio ya ndege, na katika tamthilia ya Antigone mtoto anayemshika mkono ndiye anayemweleza moto wa kafara umewakaje. Kazi hiyo kwetu ni uaguzi.

Alipofuka vipi? Mshairi Callimachus anasema kijana huyu alikuwa mawindoni na mbwa wake, koo limemkauka, akaenda chemchemini, akamkuta mungu wa kike Athena anaoga. Papo hapo macho yakaingia giza. Mama yake, Chariclo, alikuwa sahibu wa Athena, akalia, akamlaumu. Athena akamjibu kwamba ni sheria ya Kronos, baba yake Zeus mfalme wa miungu: amwonaye mungu bila ridhaa yake hulipa, na kilichokwisha katwa hakitenguliwi. Lakini akamlipa kijana: kuelewa ndege, fimbo ya kumwongoza, umri mrefu, na akili timamu hata kuzimu. Ndiyo maana Odysseus, shujaa aliyepotea njia baharini, alimfuata huko huko kwa wafu kumuuliza njia ya kwao.

Mnaona? Upofu haukumpa hekima. Uaguzi ni diya.

Mwanahistoria Herodotus ana kisa kinacholionyesha hili waziwazi kuliko hekaya zote. Euenius wa mji wa Apollonia alilala zamu akilinda kondoo watakatifu wa Jua; mbwamwitu wakaua kama 60. Wenzake wakamtoboa macho. Kondoo wakaacha kuzaa, ardhi ikagoma. Maaguzi ya mahekalu ya Delphi na Dodona yakasema: mmemwonea, mlipeni atakacho. Wenzake wakaficha habari hiyo, wakaketi naye kibarazani, wakamuuliza kama mzaha tu, “Ungelipwa, ungetaka nini?” Maskini akataja mashamba mawili na nyumba. Wakampa hayo hayo! Alipogundua hila alighadhibika, lakini miungu nayo ikamlipa kwa upande wake: uaguzi.

Phineus wa Thrakia yeye alianzia mwisho. Uaguzi alikuwa nao tayari, akawamwagia watu siri za Zeus zote bila kubakiza. Zeus akampofusha, na mazimwi yenye mabawa yakawa yanampokonya kila tonge. Wana wa Boreas, mungu wa upepo wa kaskazini, walipoyafukuza, Phineus akamwelekeza Jason, kiongozi wa mabaharia waliokuwa naye, safari ya kwenda: kwenye miamba inayogongana, atangulize njiwa. Jason akauliza, na kurudi je? Mzee akamwambia aukumbuke msaada wa Aphrodite, mungu wa mapenzi, na asimuulize zaidi.