Ural 1993: Mkoa Uliodai Kuwa Jamhuri

ZUHURA: Leo tuko Yekaterinburg, mji mkuu wa mkoa wa Sverdlovsk katika eneo la Ural, Urusi, mwaka 1993, chini ya miaka miwili baada ya Umoja wa Kisovyeti kuvunjika. Mkoa huu ulitaka kuwa jamhuri. Kaka Mwita, tuanze na karatasi ya kura ya maoni.

MWITA: Swali lilikuwa fupi: je, unakubali mkoa wa Sverdlovsk uwe na mamlaka sawa na jamhuri zilizomo ndani ya Urusi? Neno "kujitenga" halikuwemo, wala kabila halikutajwa. Waliosema ndiyo walikuwa takriban asilimia 83.

ZUHURA: Na tarehe ilipangwa. Siku hiyo, 25 Aprili 1993, nchi nzima ilikuwa ikipiga kura ya imani kwa Rais Boris Yeltsin. Watu walikuwa vituoni tayari.

MWITA: Hapo gavana Eduard Rossel alipiga hesabu vizuri.

ZUHURA: Sasa, jamhuri ilikuwa na nini ambacho mkoa haukuwa nacho?

MWITA: Mengi, dada. Mkataba wa Shirikisho wa Machi 1992, uliogawa madaraka kati ya Moscow na maeneo yake, uliwatambulia Wayakuti na Wabashkiri, jamii zisizo za Kirusi, kwa mfano, jamhuri zenye katiba zao. Jamhuri kadhaa zikawa zinabakiza kodi nyingi kuliko mikoa. Ila kubwa kuliko yote ni hili: rais wa jamhuri alichaguliwa na wananchi wake, gavana wa mkoa aliteuliwa na Yeltsin. Anayekuteua ndiye anayekufuta.

ZUHURA: Ndiyo maana nawapinga wanaouita mpango wa Rossel ukabila. Wakazi wengi wa Sverdlovsk ni Warusi kama wa Moscow. Kilichowaunganisha ni viwanda: mitambo mizito ya Uralmash, vifaru vya Nizhny Tagil. Waliona wanazalisha sana na kurudishiwa kidogo. Rossel aliuchukua uchungu huo akaupa jina na katiba.

MWITA: Na katiba ndiyo iliyomponza. Baraza la mkoa lilitangaza Jamhuri ya Ural tarehe 1 Julai, na Moscow, iliyokuwa imezama kwenye ugomvi wa rais na bunge, haikuivunja. Katiba ikapitishwa 27 Oktoba. Lakini tarehe 4 Oktoba vifaru vilikuwa vimeshalipiga bunge mizinga. Yeltsin hakuwa tena na mpinzani wa kumfanya abembeleze magavana.

ZUHURA: Mapema Novemba akalivunja baraza la mkoa, kisha akamfukuza Rossel.

MWITA: Kwa amri ya rais tu, maana aliteuliwa. Linganisha na Tatarstan, mojawapo ya jamhuri za Urusi: Mintimer Shaimiev alikuwa rais aliyechaguliwa, akakataa kusaini ule mkataba wa 1992, akasubiri. Februari 1994 akapata mkataba wake mwenyewe na Moscow.

ZUHURA: Halafu katiba mpya ya Urusi, ya Desemba 1993, ikasema maeneo yote ya shirikisho yako sawa. Ndilo dai la Rossel lenyewe!

MWITA: Kwa maandishi. Rossel akarudi kwa njia ambayo amri haikuweza kuifunga: Agosti 1995 alishinda uchaguzi wa ugavana, na Januari 1996 Yeltsin akasaini naye mkataba wa kugawana madaraka.