Kushoto na Kulia: Kutoka Chupa ya Mafuta Hadi Kiini cha Atomu

(Mhadhara uliotolewa Mombasa, umeandikwa kama ulivyosemwa)

Mwenyekiti, walimu wenzangu, wazazi, vijana mliokaa nyuma karibu na mlango, asalamu alaikumu na hamjambo.

Nimeambiwa nizungumze juu ya utafiti wa sayansi. Hiyo si mada, hiyo ni bahari. Nitaomba ruhusa nipite mkondo mmoja tu, unaoanzia kwenye mafuta ya kunukia ya mimea na kuishia kwenye fizikia ya nadharia, ile ya watu wa kalamu na karatasi. Nimeuchagua kwa sababu ya maneno ninayoyasikia sana siku hizi, tena kwa watu wenye kauli juu ya fedha: utafiti wa mafuta una faida maana mafuta huuzwa, lakini fizikia ya nadharia itamlisha nani? Swali lenyewe si baya. Ubaya ni kwamba wengi wanaoliuliza huwa wameshalijibu.

Tuanze na mafuta. Hapa Mji wa Kale hakuna haja ya kueleza harufu. Mwenye kuvaa kikuba cha asumini, mkilua na mrehani anajua anachokifanya, na aliyepishana naye uchochoroni anajua pia. Kinachotufikia puani ni molekuli ndogo, nyepesi, zinazoruka hewani hata bila moto. Mmea haukuzitengeneza kwa ajili ya harusi zetu. Umezitengeneza kwa mambo yake: kuita wadudu wa kuchavusha, kufukuza wanaotafuna majani, kuzuia ukungu.

Chukueni karafuu. Sehemu kubwa ya mafuta yake ni kitu kimoja kiitwacho yujenoli, ndicho kinachotia ganzi jino linapouma. Yujenoli huchemka kwenye nyuzi 254 za selisiasi. Lakini Pemba mafuta ya makonyo, yaani vikonyo vya karafuu, hukenekwa kwa mvuke wa maji, na maji, sote tunajua, huchemka kwenye nyuzi 100. Sasa inakuwaje kitu cha nyuzi 254 kitoke kwenye mtungi usiofika hata 100? Jibu lilitoka kwa Mwingereza John Dalton mwaka 1801, naye hakuwa akishughulika na karafuu. Alikuwa akishughulika na hewa na hali ya anga. Alionyesha kwamba gesi zikichanganyika, kila moja husukuma kwa nguvu yake kana kwamba mwenzake hayupo, na nguvu hizo hujumlishwa. Maji na mafuta yasiyochanganyika hufanya vivyo hivyo: mvuke wa maji unasukuma, mvuke wa yujenoli unasukuma kidogo, na jumla yao ikilingana na msukumo wa hewa ya nje, vyote viwili vinachemka pamoja. Kila tone la mafuta ya makonyo limetoka kwa kanuni ya mtu aliyekuwa akiwaza mawingu. Nimelitaja hilo kwa haraka, maana si huko niendako.

Niendako ni kwenye nanaa.

Ndani ya mafuta ya nanaa, ile tunayoitia kwenye chai, kuna molekuli inayoitwa kavoni. Ndani ya mbegu za kisibiti, zile zinazofanana na bizari nyembamba, kuna kavoni pia. Atomu ni zile zile, idadi ile ile, zimeungana kwa mpangilio ule ule. Uzito mmoja, kuchemka kumoja. Lakini nani hapa atachanganya harufu ya nanaa na ya kisibiti? Tofauti ni kwamba moja ni taswira ya mwenziwe kwenye kioo. Ni kama ndara mlangoni mwa msikiti: ya kushoto na ya kulia zimekatwa kwa kipimo kimoja, ila aliyetoka haraka akavaa za kushoto mbili atajua kabla hajafika barabarani. Pua nayo ina vipokezi vilivyo na umbo la upande mmoja, kwa hiyo kila pacha huingia kwa namna yake. Kwa miaka mingi wapo waliosema ni uchafu tu uliobaki ndani ya mafuta ndio unaotofautisha harufu. Mwaka 1971 makundi mawili ya watafiti yalisafisha na kutengeneza kavoni za pande zote mbili, na shaka ikaisha.

Sasa turudi nyuma zaidi, Paris, mwaka 1815. Mwanafizikia Jean-Baptiste Biot alikuwa akichezea nuru. Nuru ya kawaida hutikisika pande zote. Ukiipitisha kwenye fuwele fulani, hubaki inayotikisika upande mmoja. Biot aliipitisha nuru ya namna hiyo kwenye vimiminika akakuta baadhi vinauzungusha ule upande. Vimiminika gani? Tapentaini. Mafuta ya limau. Kafuri iliyoyeyushwa. Jamani, mafuta ya kunukia! Ugunduzi huu ulianzia kwenye rafu ya muuza dawa. Akataka kujua kama ni kimiminika kizima kinachofanya hivyo au ni kila molekuli peke yake, basi akaujaribu mvuke wa tapentaini ndani ya bomba refu. Mvuke ulishika moto. Lakini kabla ya moto alikuwa ameshaona nuru ikizunguka, na kwa hiyo akajua siri imo ndani ya molekuli yenyewe.

Aliyeifungua siri ni kijana wa miaka 25, Louis Pasteur, mwaka 1848. Alitazama kwa hadubini fuwele za chumvi ya asidi tartariki, ile inayopatikana kwenye mvinyo, akaona ziko za aina mbili, moja kioo cha nyingine. Akazitenga kwa mkono, moja moja. Aina moja ikazungusha nuru kulia, nyingine kushoto. Biot, wakati huo mzee wa zaidi ya miaka 70, hakuamini. Akamwita kijana nyumbani kwake, akampa kemikali zake mwenyewe, akamwambia afanye mbele yake. Alipoona kwa macho yake, akamshika mkono akamwambia kwamba ameipenda sayansi maisha yake yote hata moyo wake unadunda kwa alichokiona. Mimi huwapa wanafunzi kisa hiki si kwa ajili ya Pasteur, bali kwa ajili ya huyo mzee: hakuamini, akapima, akafurahi.

Na hapa ndipo swali kubwa lilipozaliwa. Ukitengeneza kavoni maabara bila hila yoyote, utapata nusu kwa nusu, kushoto na kulia sawasawa. Viumbe hai havifanyi hivyo. Asidi amino zinazojenga protini za mwili wako, za samaki tasi wa Feri na za mkoko wa Tudor, ni za kushoto. Sukari iliyo ndani ya vinasaba ni ya kulia. Nani aliyechagua upande? Mkemia hana jibu, maana kwa kanuni za kemia mapacha wa kioo wako sawa kabisa.

Na mwanafizikia? Hadi mwaka 1956, mwanafizikia naye angekwambia vivyo hivyo. Ilikuwa imani isiyoguswa: jaribio lolote ukilitazama kwenye kioo, unachokiona nacho kingeweza kutokea kweli. Mwaka huo Wachina wawili waliokuwa Marekani, Tsung-Dao Lee na Chen Ning Yang, walipekua majaribio yote wakagundua jambo la aibu: kwa kani dhaifu, ile inayosababisha viini vya atomu kuoza, hakuna aliyewahi kupima. Watu walikuwa wameamini tu. Mwanamke Mchina mwenzao, Chien-Shiung Wu, ndiye aliyepima. Alichukua kobalti 60, metali ambayo viini vyake huoza na kutoa elektroni, akaipoza hadi karibu sehemu moja ya mia ya nyuzi juu ya baridi ya mwisho kabisa, nyuzi 273 chini ya sifuri, ili viini vyake vyote vizunguke upande mmoja kwa nguvu ya sumaku. Halafu akatazama elektroni zinatokea wapi. Kama kioo kingekuwa mwaminifu, zingetoka sawa juu na chini. Hazikutoka sawa. Nyingi zilitoka upande mmoja. Maumbile yanajua kushoto na kulia.

Lee na Yang walipata Nobeli mwaka uliofuata, 1957. Wu hakupewa. Kwangu mimi hilo ni doa, na sioni sababu ya kulipamba.

Kuna mwanafizikia mwingine wa nadharia ninayetaka mkae naye kidogo. Abdus Salam, aliyezaliwa mwaka 1926 Jhang, ambayo sasa ni Pakistani. Mwaka 1956 alimsikia Yang kwenye mkutano Seattle, kisha akapanda ndege ya jeshi la Marekani usiku kurudi Uingereza. Ndege imejaa watoto wa wanajeshi wanaolia, usingizi hakuna. Akawa anawaza swali aliloulizwa na mwanafizikia Rudolf Peierls siku ya mtihani wake wa udaktari: kwa nini nyutrino, ile chembe ndogo mno inayotoka viini vinapooza, haina uzito? Kabla ndege haijatua akaona kwamba kama nyutrino ni ya mkono wa kushoto tu, yaani hujizungusha upande mmoja tu inaposonga, uzito unatoweka wenyewe. Asubuhi akapanda treni hadi Birmingham kwa Peierls. Peierls akamwambia haamini kabisa kwamba kani dhaifu inavunja ulinganifu wa kushoto na kulia. Salam akapeleka makala yake kwa mwanafizikia Wolfgang Pauli, mkali wa wakali, kule Zurich. Jibu likaja: mpeni salamu rafiki yangu Salam, mwambieni atafute la maana zaidi.

Miezi michache baadaye matokeo ya Wu yakatoka, na Pauli akaandika barua ya kutaka radhi. Niongeze, maana sipendi visa vinavyosafishwa kupita kiasi: leo tunajua nyutrino ina uzito, mdogo mno, na Nobeli ya mwaka 2015 ilitolewa kwa jambo hilo. Kwa hiyo sababu iliyomleta Salam kwenye jibu haikusimama yote. Jibu lenyewe, kwamba kani dhaifu inapendelea kushoto, limesimama.

Salam alipata Nobeli mwaka 1979 pamoja na Sheldon Glashow na Steven Weinberg, kwa kuonyesha kwamba kani dhaifu na kani ya sumaku-umeme ni tawi mbili za shina moja. Na nadharia hiyo ilidai kitu cha ajabu kwa mkemia: kani dhaifu ipo pia kati ya elektroni na kiini ndani ya kila atomu, hata atomu tulivu isiyooza. Basi kama kani hiyo ina upande, kavoni ya nanaa na kavoni ya kisibiti haziwezi kulingana kabisa. Nishati zao lazima zitofautiane, kwa kiasi kidogo hata hakuna maabara iliyokwisha kukipima. Mwaka 1991 Salam mwenyewe aliandika makala akipendekeza kwamba huenda tofauti hiyo ndiyo iliyosukuma asidi amino kwenda kushoto mwanzoni mwa uhai. Mimi sijashawishika. Tofauti ni ndogo mno, na kimondo kilichoanguka Murchison, Australia, mwaka 1969, kilikuwa na asidi amino ambazo baadhi zimeegemea kushoto, kwa hiyo yawezekana upande ulichaguliwa angani kwa njia nyingine. Lakini angalieni tulipofika: mshindi wa Nobeli ya fizikia ya nadharia amerudi kwenye swali la mafuta ya limau ya Biot.

Kuna anayenong'ona kwamba hayo ni mambo ya Zurich na Paris. Setilaiti ya kwanza iliyojengwa kwa ajili ya kutazama mianzi ya eksirei ya angani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini kaskazini ya Malindi, tarehe 12 Desemba 1970. Kwa kuwa ilikuwa sikukuu yetu ya uhuru wa Kenya, ikaitwa Uhuru. Iliyoyaona yalisaidia watu kuamini kwamba mashimo meusi, yale yasiyoachia hata nuru itoke, yapo kweli. Na Salam mwaka 1964 alianzisha kituo cha fizikia ya nadharia Trieste, Italia, kwa ajili ya watu wa nchi kama zetu. Wanafizikia wengi wa Afrika wamepita pale, na sasa kuna tawi lake Kigali.

Naona mama pale mbele amenyoosha mkono muda mrefu. Tafadhali.

Anauliza: haya yote yatamsaidiaje anaponunua mafuta Marikiti, ajue kama yamechanganywa?

Swali zuri, na kifaa cha Biot ndicho kinachotumika hadi leo kwa kazi hiyo. Walimu, mnaweza kukitengeneza shuleni. Tafuteni vioo viwili vya miwani ya jua ya polaroidi, ile inayokata mng'aro wa bahari. Viweke kimoja mbele ya kingine, zungusha kimoja hadi giza liingie. Katikati weka kibomba cha kioo cha sentimita 10 chenye mafuta ya maganda ya chungwa. Mwanga utarudi. Kwa nuru ya manjano utalazimika kuzungusha kioo kiasi cha nyuzi 95, karibu pembe mraba, hadi giza lirudi. Pungufu sana ya hapo, mafuta yametiwa kitu. Karafuu ni kinyume: yujenoli haina pacha wa kioo, kwa hiyo mafuta yake karibu hayazungushi nuru. Yakizungusha sana, muuzaji ana maswali ya kujibu.

Ila kifaa hiki hakimkamati aliyetia mafuta ya kupikia kwenye karafuu, maana nayo hayazungushi. Kwa huyo tumia karatasi nyeupe. Tone moja, liache hadi kesho, karafuu ipe siku zaidi kwa kuwa haina haraka ya kuruka. Mafuta ya kunukia yatakuwa yameondoka. Ukiinua karatasi dirishani ukakuta doa linalopitisha mwanga, umeuziwa ya kukaangia viazi.

Mwingine?