Kipindi cha wiki hii: maharage yamemaliza dakika zote

ATU: Mwagonile wasikilizaji wetu wa Iyunga, Uyole, Tukuyu, na nyie wa Iringa mlioko Mkwawa. Mko na Atu.

LUSAJO: Na Lusajo. Leo tuliahidi mambo matatu: ratiba ya chakula ya wiki kwa wanafunzi wanne wanaopika pamoja, namna ya kumlipa mama ntilie kwa mkupuo, na kifungua kinywa. Ila kabla ya hapo, wiki hii nilipita hosteli moja huku Iyunga. Vijana wamebandika maharage saa moja jioni, mkaa ukafifia, saa tatu wakapakua yakiwa bado yanagoma jinoni. Kabla ya saa sita usiku wawili wanatapika.

ATU: Waliyaloweka?

LUSAJO: Hapana. Yametoka mfukoni moja kwa moja hadi kwenye sufuria.

ATU: Basi tuanze na hilo, maana wengi watadhani ni gesi tu ya tumbo. Maharage mabichi yana sumu ya asili, na mekundu ndiyo yanaongoza. Moto mkali unaiua. Moto wa kuvuguvugu hauiui, na nyuzi 80 hivi zinaweza hata kuiongezea nguvu. Kwa hiyo sufuria ikishaanza kutokota, iache itokote kwelikweli dakika 30 ndipo upunguze moto. Anayepikia kwenye kikapu cha kuhifadhi joto afanye hivyohivyo kabla ya kukifunika.

LUSAJO: Dakika 30? Vitabu vingi vinasema 10.

ATU: 10 ndiyo kiwango cha chini. Mimi nasema 30 kwa sababu ya mahali tulipo. Mbeya mjini ni kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, hayafiki 100. Kyela, chini kule ziwani, yanafika 98 hivi. Kwa hiyo mwanafunzi aliyezoea kupika kwao Kyela akija hapa na maharage yaleyale, sufuria ileile, lazima yamchelewe.

LUSAJO: Na hapo ndipo watu wanapochoma gesi bure. Anaona hayaivi, anafungulia jiko mpaka mwisho. Maji yakishachemka hayaongezeki joto hata ukiwasha majiko mawili. Unachopata ni mvuke kutoka dirishani. Zile dakika za kutokota zikiisha, punguza moto, funika, yaendelee kuchemka polepole.

ATU: Na maji ya kuongezea yawe ya moto. Ukimwaga ya baridi, unaanza safari upya.

LUSAJO: Tuseme kuloweka, halafu twende kwenye ratiba.

ATU: Kilo moja ya maharage, maji lita 3, chumvi vijiko viwili vya chakula. Yakae humo kwa muda wa saa 8 hadi 12. Asubuhi mwaga maji hayo yote, suuza, weka maji mapya yayapite kwa vidole vitatu.

LUSAJO: Hapo kwenye chumvi wasikilizaji wameshtuka. Bibi zetu wote wanasema chumvi inafanya maharage yawe magumu.

ATU: Inayokomaza ganda ni kalsiamu na magnesi. Chumvi kwenye maji ya kuloweka inasaidia kuviondoa hivyo, ganda linalainika na halipasuki ovyo. Kinachozuia kuiva ni tindikali, yaani nyanya na ndimu. Ukiweka nyanya maharage yakiwa nusu, umeyafunga hapohapo. Nyanya inasubiri mpaka uchukue punje tano, kila moja uiponde kwa ulimi bila jino. Nne zikilainika na moja ikagoma, bado.

LUSAJO: Juni na Julai ongeza hili: kwa baridi ya huku maharage yanakunywa maji taratibu mno. Anza na maji ya uvuguvugu. Na aliyesahau kuloweka achemshe dakika tatu, azime, afunike saa nzima, amwage maji, ndipo aanze kupika.

ATU: Na ununuzi, Lusajo. Ukienda Mwanjelwa usinunue mchanganyiko. Maharage ya aina tofauti au ya misimu tofauti hayaivi pamoja. Haya yanakuwa uji, yale bado kokoto. Muulize muuzaji ni ya msimu gani. Yaliyokaa mwaka kwenye joto na unyevu yanakomaa kwa ndani. Kablanketi mapya yanaiva mapema na mchuzi wake mzito. Kwa mwanafunzi sioni aina ya kuyashinda.

LUSAJO: Ila mwanafunzi ananunua ya bei nafuu, na ya bei nafuu mara nyingi ndiyo ya zamani. Chumvi haiyaokoi hayo. Mimi nasema robo kijiko cha chai cha magadi kwa kilo.

ATU: Hapana.

LUSAJO: Nimalize. Magadi yanavunja ganda, muda unapungua sana. Mwanafunzi ana mtungi wa kilo 6, na hilo boom, yaani mkopo wa kujikimu wa shilingi 10,000 kwa siku, limebeba chakula na malazi. Gesi ikiisha kabla boom halijatoka, ataacha kupika kabisa, atashinda na chipsi.

ATU: Na mimi naangalia anachokula. Anakula ugali wa sembe, mahindi yaliyokobolewa, vitamini B1 imebaki kwenye pumba. Kwenye sahani yake B1 inatoka kwa maharage. Magadi yanaiharibu hiyohiyo. Umeokoa gesi, umetupa kilichokufanya ubandike maharage.

LUSAJO: Protini haijatupwa. Gramu 100 za maharage makavu zina kama gramu 21 za protini, zikikutana na ugali zinakamilishana. Hilo magadi hayaligusi.

ATU: Sikatai protini. Ila magadi ya sokoni ni mawe ya chumvichumvi, yana floraidi, na hakuna anayejua ni kiasi gani imo kwenye kipande alichouziwa.

LUSAJO: Weka kwenye maji ya kuloweka tu, kisha mwaga, suuza mara mbili.

ATU: Yakinywa maji yamekunywa na magadi. Ale dona, atumie chumvi, wanne wachangie sufuria ya presha. Mvuke ukibanwa, joto linaweza kupita nyuzi 115 hata hapa Mbeya. Yaliyolowekwa yanaiva ndani ya nusu saa.

LUSAJO: Sufuria ya presha ni pesa ya mkupuo, Atu. Wa mwaka wa kwanza ana ndoo, godoro na sufuria mbili. Unamwambia asubiri mpaka wapatikane wanne wa kuchanga?

ATU: Namwambia asizoee magadi miaka mitatu ya chuo.

LUSAJO: Na mimi namwambia bora maharage yenye magadi kuliko kukosa maharage. Hapo sisogei.

ATU: Wala mimi.

LUSAJO: Haya, vipimo, maana waliuliza. Gramu 100 makavu kwa mtu kwa mlo. Wanne, mchana na usiku, ni gramu 800. Ukipika kilo, zinabaki gramu 200 za kulia chapati kesho yake, mradi uzichemshe tena usiku na asubuhi kama hamna friji.

ATU: Na chai ya rangi isinywewe pamoja na chakula. Inazuia madini ya chuma ya maharage yasiingie mwilini. Ipishe saa moja. Badala yake kula chungwa, au kachumbari ya kabichi yenye ndimu. Dada zangu mlioko chuo, hili msilipuuze.

LUSAJO: Fundi ananionyesha vidole viwili. Dakika mbili, na ratiba ya wiki hatujaigusa.

ATU: Nilitaka niseme Jumatano na Jumamosi iwe usipa, wale dagaa wa Ziwa Nyasa...

LUSAJO: Haitoshi. Kifungua kinywa nacho kimeliwa. Sema la mama ntilie.

ATU: Usimlipe mwezi mzima, lipa wiki. Mwandikiane kwenye daftari mbili, moja yako moja yake, kila mlo unakatwa kotekote siku hiyohiyo. Na mkubaliane mapema: ukienda mafunzo kwa vitendo, mlo wa siku hiyo unahamia lini?

LUSAJO: Na mwenzako akija kula kwa jina lako?

ATU: Hilo refu, lina ugomvi wake. Wiki ijayo.

LUSAJO: Wiki ijayo tunaanza na hilo, tukiwa na ratiba. Ndaga fijo, kwaherini.