Nani Alimkaba Shee?

MWANAESHA: Asalaam alaikum wasikilizaji wetu, mlioko hapa Amu, Lamu yetu hii, na mliotawanyika huko duniani. Kamera hatuna, kwa hivyo nitawaeleza ninachokiona: Shee amekuja na kikoi kakizungusha shingoni. Kwa joto hili la kaskazi!

SHEE: Waalaikum salaam. Tuanze na mada. Leo tuna dawa tano za ngozi kutoka jikoni: asali, mtindi, manjano…

MWANAESHA: Kifungue.

SHEE: …mafuta ya nazi, na…

MWANAESHA: Shee. Kifungue.

SHEE: Haya.

MWANAESHA: Subhanallah! Vidole vinne upande huu, gumba upande wa pili. Hudhurungi, kama umekabwa na mtu mwenye hina mbichi.

SHEE: Hiyo ya tano ndiyo hii. Ndimu.

MWANAESHA: Hebu tueleze.

SHEE: Jumamosi nilikuwa nakamulia samaki ndimu. Nikakumbuka video moja, ati ndimu huondoa madoa ya wembe. Mkono umelowa tayari, nikajifuta nao shingoni. Sikunawa. Nikashuka gatini nikapanda mashua kwenda Manda kupokea wageni uwanja wa ndege, na ndege ikachelewa. Jua la saa saba, mimi nimesimama.

MWANAESHA: Na siku hiyo hukuhisi kitu?

SHEE: Hata! Jumatatu ndiyo nikaamka shingo yawaka moto, malengelenge juu. Jumatano yakakauka, rangi ikatokea. Bibi akaniita, “Ndoo nikuone.” Nyinyi wa Mombasa, si ndoo ya maji hiyo, ni njoo. Akanitazama weee, kisha akasema hilo ni jini, na limenikaba kwa sababu nalala magharibi.

MWANAESHA: Na unalala kweli magharibi.

SHEE: Hilo si la hewani. Sasa barazani nako wakasema jini gani, huyo ni mkewe. Kufika Alhamisi habari ishavuka hadi Matondoni. Mama mkwe akaja na boti ya asubuhi, hata chai hakunywa, akamshika bintiye mkono akauweka juu ya alama, kupima.

MWANAESHA: Ukaenea?

SHEE: Mdogo, alhamdulillahi. Ndoa imepona. Lakini basi ikawa mchezo. Muuza kahawa kapima wake. Fundi wa mlango kapima. Kuna mtoto wa chuoni alileta wenzake watatu.

MWANAESHA: Na wewe wako ulipima?

SHEE: …Uliingia kama ufunguo na kufuli.

MWANAESHA: Kumbe mkabaji tunaye studio! Jamani, tukae na maana kidogo. Daktari alikwambiaje?

SHEE: Alicheka kwanza. Akasema ndimu ina kemikali ziitwazo furokumarini. Ukikaa nazo kivulini hazina neno. Zikipigwa na miale ya jua ile ya UVA ndipo zinaunguza ngozi, na huchukua siku moja hadi tatu kujionyesha. Si mzio, yeyote hupata. Na hufuata pale maji yalipopita: tone, mchirizi, kidole. Doa huweza kukaa wiki, hata miezi. Nisilisugue, nilifiche jua.

MWANAESHA: Ndiyo kikoi.

SHEE: Ndiyo kikoi. Na hata bila jua, maji ya ndimu yana pH ya kama 2, kile kipimo cha asidi, namba ikishuka ukali wazidi; ngozi yapenda karibu na 5. Bekingi soda nayo yapita 8. Watu wanachanganya vyote viwili wapake usoni!

MWANAESHA: Mimi nasema kosa si la jikoni, ni lako. Bi arusi wetu husingwa mwili kwa liwa, ule unga wa mti wa manukato, na manjano, na humwoni barabarani. Hukaa ndani siku zote hizo. Wazee walijua.

SHEE: Walijua nini? Walimfungia ndani asionekane, si kwa ajili ya furokumarini.

MWANAESHA: Sababu usiitie wewe midomoni mwao. Ngozi ilitoka salama au haikutoka?

SHEE: Mamako ndiye asingaye maarusi. Wewe huwezi kuwa hakimu hapa.

MWANAESHA: Na wewe ulochomwa ndiye hakimu? Haya, hao wanawake wakiacha liwa wakimbilie nini? Krimu za kujichubua, za zebaki na haidrokwinoni? Zimepigwa marufuku Kenya na bado zauzwa kichinichini.

SHEE: Zebaki kuwa sumu hakuifanyi ndimu kuwa dawa. Mimi sasa cha jikoni nakila. Sabuni, mafuta ya kuzuia jua, basi.

MWANAESHA: Hata mafuta ya nazi?

SHEE: Usoni yanaziba vitundu, chunusi zinatoka. Na jua hayazuii, si ya kutegemea.

MWANAESHA: Nimepaka tangu kuzaliwa. Nitazame. Kumeziba wapi?

SHEE: Uso wako si ushahidi wa uso wa kila mtu.

MWANAESHA: Na shingo yako si ushahidi wa jikoni yote!

SHEE: Sikubali.

MWANAESHA: Usikubali.

SHEE: …

MWANAESHA: Nimekasirika kidogo, wasikilizaji. Nasema kweli.

SHEE: Mimi pia. Tusome ujumbe. Msikilizaji wa Langoni anauliza: “Je, mmepima mkono wa yule dada mwenzako?”

MWANAESHA: Astaghfirullah!

SHEE: Wa pili huyu anauliza kama ndimu ya kwenye mchuzi ina…

MWANAESHA: Azana hiyo. Hatujagusa asali, wala mtindi, wala manjano, na ile orodha yangu niliyoiandika usiku kucha…

SHEE: Asali tutasema siku nyingine. Mkikamua ndimu naweni kwa sabuni kabla ya kutoka. Zima.

MWANAESHA: Ngoja basi, lete shingo nipime.

SHEE: Zima, Mwanaesha.